Mshahara wa Mkwe

Katika miaka yake tisa ya uhasibu wa klabu, mama huyu alikuwa amejifunza kuwatambua wadai kwa vishindo vyao. Golikipa alitembea kama mtu anayeshusha magunia. Kocha aliburuta kandambili. Beki wa kushoto, ambaye wenzake walimwita Pasi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona pasi yake ikifika, alikuja mbio kisha akasitasita mlangoni, kama afanyavyo uwanjani akishapewa mpira. Mama akivisikia vishindo hivyo alipata muda wa kutosha wa kuinua simu isiyo na mtu upande wa pili na kusema kwa sauti ya kuchoka, "Ndiyo, ndiyo, benki wamesema kesho."

Wachezaji wakambandika jina: Mama Kesho. Hakulipenda, ila hakuwa na pa kulishitaki, maana lilikuwa la haki.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chini ya jukwaa kuu. Kulikuwa na meza, kabati la chuma lililobonyea, picha ya timu ya zamani iliyowahi kutwaa kombe, na dirisha dogo lililotazama ukuta ambao washabiki waliukojolea wakati wa mapumziko. Timu ikifunga bao, watu waliruka juu ya kichwa chake na vumbi la saruji likadondokea kwenye chai. Msimu huo chai yake ilikuwa safi kabisa. Timu ilikuwa ya tatu kutoka mkiani, timu tatu za mwisho ndizo zinazoshuka daraja, imebaki mechi moja, na mishahara haijatoka miezi minne.

Mwenye kupaswa kuitoa alikuwa Mwenyekiti, mfanyabiashara wa magodoro, mtu mwenye kicheko cha bure na mkono wa birika. Mwezi wa pili wa ukame aliwapa wachezaji godoro moja moja badala ya fedha, akawapiga picha wamelala juu yake, akasema huo ndio udhamini. Mwezi wa tatu akawaongezea mto.

Yote hayo mama angeyabeba, kama nahodha wa timu asingekuwa mkwe wake.

Nahodha alikuwa mshambuliaji, mrefu, mpole, mwenye mabega ya kubeba mlango. Alimwoa binti wa pekee wa mama, wakapata mtoto wa kike, wakapanga vyumba viwili karibu na uwanja. Kodi ilipowashinda, mwenye nyumba aliwatoa nje, akazuia kabati na jiko kama dhamana. Wakahamia kwa mama, wakalala sebuleni. Na kijana wa watu alikuwa na haya ya ukwe isiyo na kifani. Kusimama mbele ya mabeki watatu wenye visigino vya chuma hakumsumbui, lakini akikutana na mama mkwe kwenye korido naye ana taulo begani, alirudi bafuni na kujifungia mpaka njia iwe nyeupe. Siku nyingine alichelewa mazoezini kwa sababu hiyo, na faini ya kuchelewa mama mwenyewe ndiye aliyeiandika kitabuni.

Mezani hali ilikuwa hiyo hiyo.

"Mwambie mama chakula ni kitamu," alimnong'oneza mkewe, hali mama yuko umbali wa sahani moja.

"Mama, anasema chakula ni kitamu."

"Mwambie asante. Na aongeze."

"Umeambiwa uongeze."

Nahodha akaongeza kijiko kimoja, akakitazama, akakirudisha nusu.

"Na mimi nina ujumbe wangu," binti akasema, akiweka kijiko chini. "Mwajiri wa mume wangu atalipa lini?"

"Muulize mwajiri."

"Ndiyo namuuliza."

Mkwe akainama mpaka pua ikakaribia mchuzi. Ukweli ni kwamba mkwe aliidai klabu, klabu haina kitu, mkwe akawa anakula kwa mama, na mama naye aliidai klabu miezi mitano, mmoja zaidi ya wachezaji, kwa kuwa alijiweka wa mwisho kwenye foleni. Siku moja ofisini alilichora jambo hilo kwenye karatasi kwa mishale ili alielewe. Mishale yote ilipita kwenye sufuria lake.

Jumatatu ya wiki ya mechi ya mwisho, Mwenyekiti aliingia ofisini akiwa na furaha isiyolingana na msimamo wa ligi.

"Mama, nitengenezee bajeti ya msimu ujao. Ya daraja la chini."

"Tuna mechi moja, Mwenyekiti. Tukitoka sare tu, tunabaki."

"Tunacheza na mabingwa, mama. Sisi watu wa hesabu tujiandae mapema."

"Mishahara niandike kiasi gani?"

"Nusu. Na ile miezi minne usiiandike kabisa."

"Niiweke wapi?"

"Soma mkataba, kifungu cha kumi na saba," Mwenyekiti akasema, akacheka, akatoka huku akipiga mluzi.

Mama akafungua kabati. Mikataba yote aliichapa yeye mwenyewe, ila mtu anayechapa hasomi, kama vile mpishi asivyoshiba kwa harufu. Safari hii akasoma. *Endapo timu itashuka daraja, mikataba yote itakoma, na malimbikizo ya mishahara yatajadiliwa upya.* Katika maisha yake ya hesabu alishaona fedha zilizoibwa, zilizopotea, hata zilizotafunwa na panya, na kati ya hizo zipo zilizorudi. Fedha iliyoingia kwenye "yatajadiliwa" hajawahi kuiona tena.

Akakaa. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini Mwenyekiti hakuwahi kuonekana na wasiwasi msimu mzima. Hakuwa ameuza mechi, wala hakuhonga mtu. Ahangaike ya nini? Mtu aliyekaa na njaa miezi minne hahitaji rushwa ili ashindwe kukimbia. Ilitosha kutolipa na kungoja, kisha deni lote lishuke pamoja na timu. Na katika kungoja huko alihitaji mtu mmoja tu wa kuwatuliza wachezaji kila siku, mwenye sura ya kuaminika na sauti ya kimama.

Mama aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Hakulia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akachukua katiba ya klabu, kitabu ambacho kilikuwa kimezuia mguu mfupi wa meza tangu uchaguzi uliopita. Meza ikayumba, chai ikamwagika. Akasoma mpaka alipofika mstari uliosema kwamba mapato ya mlangoni yatalipa kwanza gharama za mchezo, kwa idhini ya mhasibu.

Akausoma mara mbili. Haukutaja Mwenyekiti.

Hakumwambia mtu, hata binti yake. Jumamosi ilipofika, wageni walikuja na washabiki wao wote, kwa kuwa walikwisha kuwa mabingwa na walikuwa wanashangilia hata kurusha mpira. Uwanja ukajaa. Kwa kawaida, fedha za tiketi zilichukuliwa wakati wa mapumziko na dereva wa Mwenyekiti, na kilichorudi ofisini kilikuwa karatasi yenye jumla na maneno "matumizi mengineyo". Siku hiyo mama alizunguka milango yote mapema, akawaambia wakata tiketi, "Leo gunia linakuja kwangu." Walizoea kumtii, maana ndiye aliyewapa posho zao. Kufikia saa tisa na nusu alikuwa amefunga mlango wa ofisi, amehesabu, amepiga mahesabu upya, na amewalipa refa, walinzi na wapaka rangi wa mistari ya uwanja.

Ndipo aliposikia vishindo asivyovitambua. Alishangaa, akafungua. Alikuwa Nahodha. Hakuwahi kufika ofisini hapo hata siku moja, sikuzote alituma wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia."

Hakuingia. Alisimama kizingitini amevaa bukta na shati la nyumbani, akaitazama picha ya timu ya zamani kama anayetafuta ndugu aliyepotea.

"Wenzangu wamenituma, mama."

"Wamekutuma nini?"

"Wanakusalimu."

"Salamu zimefika. Na nini tena?"

"Wamesema hawavai jezi."

"Wanataka kucheza uchi?"

Nahodha akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Hawachezi, mama. Mpaka walipwe. Nilikataa kuja, haki ya Mungu. Nikawaambia huyu ni mama mkwe wangu, ananilisha, naanzaje kumdai? Wakasema mwenye aibu ndiye anayeaminika."

"Nimewasikia wao. Wewe je?"

"Mimi?"

"Wewe unadai?"

Juu yao washabiki walikuwa wakipiga miguu, na sauti ya mpiga ngoma mmoja asiyejua mpigo ilipenya ukutani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa, Nahodha akamtazama mama usoni.

"Nadai," akasema. "Nadai miezi minne. Mwanangu ananiuliza kwa nini tunalala sebuleni. Mke wangu ameacha kuniuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wewe ni mama yangu, nakuheshimu, lakini nadai."

Mama alihisi kama mtu aliyefunguliwa kifungo cha shingoni. Miezi minne alikuwa akikimbia sentensi hiyo, na sasa imesemwa, na dari haijaanguka.

"Vizuri," akasema. "Sasa shika gunia huku."

Walikutana na Mwenyekiti koridoni, mbele ya chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amevaa suti mpya, na dereva yuko nyuma yake mikono mitupu, anashangaa.

"Hilo gunia linakwenda wapi?"

"Gharama za mchezo, Mwenyekiti."

"Gharama za mchezo ni refa, walinzi na wapaka rangi!"

"Hao nimeshawalipa. Wamebaki wachezaji. Bila wao, Mwenyekiti, kule nje kuna watu elfu sita wanaotazama nyasi."

"Mama, utajuta. Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze kwa maandishi. Na kwenye barua hiyo uitaje miezi yangu mitano, nisije nikasahau."

Mwenyekiti alitaka kulishika gunia. Wakati huo mlango ukafunguliwa, golikipa akatoka kuangalia kelele za nini, amejifunga taulo, kifua kama kabati, akasimama nyuma ya mama. Mwenyekiti akampima kwa macho, akatazama saa, akakumbuka kwamba jukwaani kuna wageni wa heshima wanaomsubiri.

Fedha zilitosha miezi miwili kwa kila mchezaji, ishirini na wawili wote. Mama alikaa juu ya kreti la soda, akaita majina, kila mmoja akapokea na kutia sahihi kwenye daftari. Pasi alihesabu zake mara tatu, kisha akampa mwenzake azihesabu, kisha akaanza kumshuku mwenzake. Refa alipogonga mlango, wote walikuwa wamevaa jezi na wanaimba.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Chumba kile hakikuwa na kufuli, kufuli lenyewe liliibwa msimu uliopita. Wachezaji wakatazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kuziacha fedha alizozisubiri siku mia na ishirini ndani ya suruali iliyotundikwa kwenye msumari. Wakazitia kwenye soksi.

Nusu saa ya kwanza walicheza kama watu waliozaliwa upya. Waliwakimbiza mabingwa mpaka kocha wa mabingwa akasimama kutoka kwenye kiti. Golikipa alitoka langoni na kuidaka kona kama mtu anayechuma embe. Mama alikuwa amesimama mlango wa korido, anatazama mechi kwa mara ya kwanza msimu huo, akaanza kuamini.

Dakika ya thelathini na mbili winga wa wageni akamtoka Pasi. Pasi akamkimbilia, akajitupa, akaukosa mpira, na soksi yake ya kulia ikateremka. Noti zikatoka. Upepo ukazichukua, zikatawanyika kuelekea kwenye kibendera cha kona.

"Pasi! Mtu wako!" Kocha akapiga kelele.

"Hela yangu!" Pasi akajibu.

Miezi minne humfundisha mtu kupanga mambo kwa umuhimu. Pasi akamwacha winga, akaanza kuokota. Winga akaingia mwenyewe, akatazama huku na huku kwa mshangao, akafunga. Jukwaa la wageni lilicheka kwa dakika nzima. Kilichouma zaidi ni kwamba mshika kibendera alimsaidia Pasi kuokota mbili za mwisho.

Wakati wa mapumziko, Kocha alimtukana Pasi mpaka akaishiwa wanyama wa kumfananisha naye. Mama akaingia.

"Nipeni hizo fedha niwashikie."

Wanaume ishirini na wawili wakazikumbatia shingo za soksi zao.

"Mama, tusameheane," Pasi akasema. "Kwako hela zinajua kuingia tu."

Lilimchoma. Akasimama na mfuko wake mtupu. Hapo Nahodha akainuka, akainama, akavua soksi moja, akavua ya pili, akatoa bunda lililolowa jasho, akalitia mfukoni mwa mama. "Hizo zangu," akasema. "Andika, mama. Halafu ukae nje kwenye benchi, tukuone."

Mama akaandika. Golikipa akafuata, kisha mwingine, kisha wote. Pasi alikuwa wa mwisho, akaomba risiti, akapewa.

Kipindi cha pili mama alikaa kwenye benchi kati ya Kocha na ndoo ya maji, mfuko mapajani, mikono yote miwili juu yake. Kila mchezaji aliyekwenda kurusha mpira alimtupia jicho kwanza. Mpira ulikwenda huku na huku bila faida. Dakika zikayoyoma. Jukwaani Mwenyekiti alikuwa ameanza kuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Dakika ya themanini na tatu wakapata kona. Pasi akaipiga. Alikusudia kichwa cha Nahodha, mpira ukaenda kwa mtu ambaye hakuwepo. Beki wa wageni akaupiga kwa nguvu zote kuuondoa, na Nahodha, aliyekuwa amegeuka kumlaumu Pasi, akapigwa nao makalioni. Ukaruka, ukagonga mwamba, ukaingia. Nahodha hakujua amefunga. Aliendelea kulaumu mpaka wenzake walipomwangukia wote kwa pamoja, naye akidhani ni ugomvi.

"Nani kafunga?" mama akauliza.

"Mkwe wako," Kocha akasema, machozi yakimtoka. "Kwa makalio!"

"Inahesabiwa?"

"Mama, inahesabiwa!"

Dakika saba zilizobaki walicheza mpira ambao haufundishwi popote. Waliupiga nje ya uwanja, wakaupiga nje ya ukuta, na mmoja ukaenda na lori lililokuwa linapita barabarani. Golikipa alishikwa na misuli mara tatu, mara mbili kwenye mguu huu na mara moja kwenye ule, kisha akasahau ni upi. Filimbi ilipolia, bao moja kwa moja, mama hakuruka wala hakupiga kigelegele. Alikuwa bado ameukumbatia mfuko, na machozi yanaulowesha.

Aliwarudishia fedha zao zote hapo hapo kwenye nyasi. Kocha wa mabingwa alipokuja kumpongeza Mwenyekiti kwa kuibakiza timu, Mwenyekiti alilazimika kutabasamu mbele ya kamera na kumkumbatia Nahodha, kama mtu anayemkumbatia mgonjwa wa upele.

Jumanne barua ya kufukuzwa kazi ikaja. Ilisema mama ametumia vibaya mamlaka yake. Ile miezi mitano haikutajwa. Mama akaikunja, akangoja mkutano wa wanachama wiki iliyofuata, akaenda amevaa nguo zake za kuendea arusi za watu.

Mwenyekiti alizungumza wa kwanza. Alisema mapato ya mechi ya mwisho yameibwa.

"Ni kweli," mama akasema aliposimama. "Nina majina ya wezi." Akafungua daftari, akasoma majina ishirini na mawili, kiasi na sahihi ya kila mmoja. Watu wakaanza kupiga makofi kwenye jina la tano. Kisha akasoma kifungu cha kumi na saba, polepole, kama mtu anayewasomea wazee, na akaeleza bajeti ya daraja la chini aliyoagizwa siku tano kabla ya mechi.

Bibi mmoja aliyekuwa mwanachama tangu ujana wake, mwenye kiti chake cha kudumu nyuma ya goli, akainuka kwa shida.

"Kwa hiyo mwanangu," akamwambia Mwenyekiti, "mimi nilikuwa nasali jukwaani tushinde, na wewe karibu yangu unasali tufungwe?"

"Bibi, ilikuwa ni tahadhari ya kifedha tu."

Kiatu cha kwanza hakikumpata. Mwenyekiti alijiuzulu kwa hasira kabla ya cha pili, akasema wamtafute tajiri mwingine. Kesho yake dereva akaja na gari kuchukua viti vya ofisini, ambavyo kumbe vilikuwa vyake. Kamati ya muda ilikutana imesimama. Jambo la kwanza waliloamua ni kumrudisha mama kazini. Mama akawaambia anarudi akilipwa miezi yake mitano. Wakampa mmoja na maneno mazuri mengi. Akauchukua ule mmoja, akaketi juu ya kreti, akaanza kazi.

Mwisho wa mwezi binti na mumewe walikomboa kabati lao na jiko, wakapata vyumba viwili mtaa wa pili. Siku ya kuhama, Nahodha alibeba kila kitu peke yake, huku binti akiwa ndani ya gari la kukodi na mtoto mapajani, anampigia honi kwa mkono wa dereva. Mzigo ulipokwisha, mkwe akarudi mlangoni. Mama alikuwa anafagia sebule ambayo ghafla ilikuwa kubwa.

"Mama, nimekuja kukushukuru."

"Umeshukuru. Nenda, gari linahesabu muda."

Hakuondoka. Akajikuna shingo. "Na ile miezi miwili iliyobaki, mama. Itatoka lini?"

Mama akauegemea ufagio. Zamani, swali kama hilo lingemfanya atafute simu.

"Sijui," akasema. "Leo klabu haina hata ya kununulia wino. Kamati inatafuta mfadhili, na sijui kama atapatikana. Nikijua, nitakuita ofisini nikwambie, iwe nzuri au mbaya."

Nahodha akafikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Mimi nitakuja kuuliza kila Ijumaa."

"Njoo."

Nje honi ikalia tena, na binti akapaza sauti kwamba dereva anasema wakikaa dakika tano zaidi anaongeza bei, na kwamba yeye hana hiyo ya kuongeza, na kama mama na mwanawe wamepatana sana basi wakae wote wawili humo ndani, yeye anakwenda. Mkwe akacheka kwa sauti, mbele ya mama mkwe, akakimbilia gari.